Kipimo cha Hofu: Hadithi Tano Bora za M. R. James

Montague Rhodes James hakuandika hadithi nyingi za kutisha. Mkusanyiko wake mkuu, uliotoka mwaka 1931, una hadithi 30 tu, na alizikusanya kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 30. Kuzisoma zote si kazi ya muda mrefu. Ugumu uko katika kuchagua, kwa sababu hata zile dhaifu zina aya moja au mbili ambazo zikishaingia kichwani hazitoki. Nimezirudia mara nyingi, na kadiri ninavyozirudia ndivyo orodha yangu inavyofupika. Sasa zimebaki tano.

Nimezichagua kwa kipimo kimoja: hadithi iweze kunitisha hata baada ya kuujua mwisho wake. Mshtuko ni mali ya usomaji wa kwanza, na ukishatumika umekwisha. Kinachobaki katika usomaji wa pili na wa tano ni ufundi mtupu: mwandishi alikitaja nini mapema, alikificha nini, na aliamua kunyamaza wapi. Kwa kipimo hicho ni wachache sana wa kuwekwa kando ya James, na ukitaka kujua kwa nini, itazame kwanza kazi aliyoifanya mchana.

Alizaliwa mwaka 1862 katika jimbo la Kent, Uingereza, akakulia Great Livermere, kijiji cha Suffolk ambako baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Alisoma Eton, kisha King's College ya Cambridge, na maisha yake yote yakazunguka hapo hapo. Alikuwa mkuu wa King's tangu 1905 hadi 1918, halafu mkuu wa Eton mpaka alipofariki mwaka 1936. Kwa miaka kadhaa aliongoza pia makumbusho ya Fitzwilliam. Lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa kwenye miswada ya kale. Aliorodhesha miswada ya vyuo vya Cambridge, chuo kimoja baada ya kingine: kurasa ngapi, mwandiko wa karne gani, picha zipi pembeni, nani aliwahi kukimiliki kitabu, ukurasa upi umekatwa na kuibwa. Kipande kimoja cha muswada alichokigundua kiliwaongoza wachimbaji, mwanzoni mwa karne ya 20, hadi kwenye makaburi ya maabati wa karne ya 12 katika magofu ya abasia ya Bury St Edmunds. Mtu anasoma maandishi maktabani, na maandishi yanamwelekeza kaburini. Hadithi zake nyingi zimejengwa juu ya njia hiyo, na yeye mwenyewe aliipita.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba aliziandika zisomwe kwa sauti. Mnamo Oktoba 28, 1893, alisoma mbili za mwanzo mbele ya chama kidogo cha wasomi wenzake pale Cambridge. Baadaye ikawa desturi ya Krismasi. Marafiki walikusanyika chumbani kwake King's, yeye akaja na karatasi ambazo wino wake haujakauka vizuri, mishumaa ikazimwa, ukaachwa mmoja wa kusomea. Yeyote aliyelelewa na hadithi za usiku anajua jambo hili linamdai nini msimulizi. Msikilizaji hawezi kufunua kurasa kurudi nyuma. Kitu kitakachohitajika mwishoni lazima kiwekwe mapema, waziwazi, kwa maneno machache yanayoshikika.

Alipokuja kuieleza sanaa yake, James alitaja mambo mawili makuu: mazingira, na hofu inayopandishwa polepole kwa ustadi. Tuwaone kwanza watu wakiwa katika shughuli zao za kawaida, hawana wasiwasi na dunia. Kisha jambo la shari litoe kichwa, kwa kificho mwanzoni, halafu kwa nguvu zaidi, mpaka litawale hadithi nzima. Alisisitiza pia kujizuia, kwa maana aliona damu nyingi na maiti nyingi zinaiua hofu badala ya kuikuza. Tena mzuka wake hana huruma. Hatafuti maombi wala mazishi mema, anakuja kudhuru.

Ya kwanza katika orodha yangu ni "The Mezzotint", kwa sababu hapo mworodheshaji na mtishaji wamekuwa mtu mmoja. Bwana Williams anakusanya picha za maeneo na majumba ya kale kwa ajili ya makumbusho ya chuo chake. Muuza picha anampelekea moja iliyochapwa kwa bamba la shaba: jumba la kitajiri, inchi 15 kwa 10, fremu nyeusi, bei pauni mbili na shilingi mbili. Williams anaiona ya kawaida mno kwa bei hiyo. Rafiki anayeishika baada yake anausifu mwanga ulivyochorwa, anamsifu na yule mtu. Mtu gani? Williams anatazama tena. Ukingoni kabisa mwa picha kuna doa jeusi, kichwa cha mtu aliyejitanda, ameelekea kwenye jumba. Usiku ule ule doa limekuwa umbo kamili, linatambaa kwa miguu na mikono katikati ya uwanja wa majani, na nguo yake nyeusi ina msalaba mweupe mgongoni. Asubuhi uwanja ni mtupu, na dirisha moja la chini liko wazi.

Angalia wanavyofanya wasomi hawa. Hawaichomi picha, hawaikimbii. Williams anamwita jirani, anamtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe anachokiona, maelezo yanaandikwa na kutiwa sahihi, picha inapigwa kamera. Ni uangalifu ule ule wa James mbele ya muswada, na hapa haumsaidii mtu yeyote. Kilichochorwa kilikwisha kutokea miaka mingi nyuma. Mchoraji aliyelichapa jumba lake mwenyewe alipotelewa na mtoto wake mchanga, naye akafa akiwa amemaliza tu kuichapa picha hiyo. Tunachokiona ni kisasi cha mwindaji haramu aliyenyongwa, wa mwisho wa ukoo wake, aliyerudi kuukata ukoo wa mwingine. Watazamaji wanaweza kuandika kila kitu na hawawezi kuzuia chochote. Ndiyo maana hadithi hii haichakai. Ukijua mwisho, unyonge huo unazidi kukubana, kwa sababu sasa nawe umekuwa mmoja wa wanaotazama.

Ya pili ni "Oh, Whistle, and I'll Come to You, My Lad", na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ameshatayarishwa nusu ya njia. Wengi wetu tulikatazwa utotoni kupiga mluzi usiku, tusije tukaita nyoka au jini. Parkins, profesa kijana, nadhifu, asiyekubali hata kusikia neno mzuka, anakwenda kucheza gofu kwenye mji wa pwani ambao James anauita Burnstow, na ambao alikiri baadaye kuwa ni Felixstowe. Katika magofu ya watawa wapiganaji wa Templar anaingiza mkono kwenye tundu na kutoa filimbi ya shaba. Maandishi yake ya Kilatini yanauliza ni nani huyu anayekuja. Parkins anaisafisha, anaipuliza, na upepo unavuma.

Ufundi wa hadithi hii umelala juu ya kitanda. Chumba cha Parkins hotelini kina vitanda viwili, na James anakitaja cha pili mapema sana, kama kero ndogo ya msafiri. Siku inayofuata mtumishi anauliza blanketi la ziada aliweke kwenye kitanda kipi, kwa sababu vyote viwili vinaonekana vimelaliwa. Halafu mtoto anakimbia barabarani akilia kwa hofu: ameona kitu kikimpungia mkono kutoka dirishani, na dirisha ni la chumba cha Parkins. Hakuna hata moja kati ya haya linalotisha likisimama peke yake. Kila moja linaongeza uzito kidogo juu ya lile lililotangulia, mpaka usiku wa mwisho, ambapo kitu kinaketi kwenye kitanda kisicho na mtu. Mzuka huyu ni kipofu. Anapapasa. Hana mwili wake, ameazima shuka, na uso wake ni kitambaa kilichokunjamana. James amekwenda mahali pa mwisho ambapo mtu mwenye hofu hukimbilia, kitandani, chini ya shuka, akaligeuza kimbilio hilo kuwa adui.

Tukio hilo lilichorwa na James McBryde, rafiki yake mpenzi, kwa ajili ya kitabu cha kwanza. McBryde alifariki Juni 1904 akiwa amemaliza michoro minne tu. James hakutaka mkono mwingine uendeleze kazi ile, na kitabu kikatoka mwaka huo huo na michoro hiyo minne, kikawa pia kumbukumbu ya rafiki.

Ya tatu ni "Count Magnus", na kwangu ndiyo iliyojengwa kwa hesabu kali kuliko zote. Bwana Wraxall, Mwingereza anayeandika vitabu vya safari, anakwenda Sweden kupekua karatasi za familia moja ya kikabaila. Mmoja wa wakuu wa zamani wa familia hiyo, Magnus, alikuwa katili, na inasemekana alifunga safari ya kuhiji ya kishetani hadi Korazini akarudi na mwenzi. Amelazwa kwenye jeneza la shaba lenye makufuli matatu ya chuma. Wraxall hana kosa lolote isipokuwa udadisi. Mara tatu, kwa mzaha wa mtu aliye peke yake, anatamka kwamba angependa kumwona yule bwana. Na kila akirudi kaburini, makufuli yaliyofungwa yamepungua. La tatu linaanguka miguuni pake, na bawaba za jeneza zinalia.

Waswahili tuna msemo, mwana kulitaka mwana kulipata. James hausemi, anaupangia hatua. Ukisoma mara ya kwanza, kufuli la kwanza linakupita kama linavyompita Wraxall. Ukisoma mara ya pili unamsikia akitamka matakwa yake na unatamani kumziba mdomo. Halafu inakuja sehemu ninayoistahi kuliko zote, safari ya kurudi. Wraxall anawahesabu abiria wenzake, tena na tena, kwa sababu wawili kati yao hawaonekani mezani wakati wa kula: mmoja mrefu mwenye joho, mwingine mfupi mwenye kofia iliyomfunika uso. Kinachotokea mwishoni hatukioni. Tunaambiwa tu, kwa kinywa cha mwanakijiji, kwamba waliokwenda kuikagua maiti kwa niaba ya sheria walizirai saba, na hakuna aliyetaka kusema alichokiona. Mwandishi mwingine angetueleza hali ya mwili ule. James ametupatia watu wazima saba wakianguka, na kazi iliyobaki ameiacha kwetu.

Ya nne, "Casting the Runes", iko katika mkusanyiko wa pili wa mwaka 1911. Inatofautiana na wenzake kwa kuwa imetoka magofuni ikaingia mjini, kwenye tramu, maktaba na treni. Karswell, mchawi tajiri mwenye kinyongo, amekataliwa makala yake na chama cha wasomi, na aliyeitolea hukumu ni Dunning. Miaka kumi iliyopita mtu mwingine alikisema vibaya kitabu cha Karswell, akafa kwa kuanguka kutoka mtini. Sasa Dunning anasoma kwenye kioo cha tramu tangazo la kumkumbuka marehemu huyo, likitaja tarehe ya kifo na kwamba alipewa miezi mitatu. Kwenye chumba cha miswada cha makumbusho ya Uingereza, mtu mnene anamwokotea karatasi zake zilizoanguka. Kati ya karatasi hizo mna kipande chenye maandishi ya kirune, na aliyekipokea kwa mkono wake ameipokea hukumu.

Hofu yote hapa inakaa katika adabu. Hirizi haifanyi kazi mpaka ipokewe kwa hiari, na inaweza kuondolewa kwa njia moja tu: aliyeitoa aipokee tena. Dunning na ndugu wa yule marehemu wanamfuata Karswell katika treni ya kwenda Dover. Hakuna mapigano wala kelele. Anapotoka kidogo anaacha kikoba cha tiketi, karatasi inatiwa ndani, na Dunning anamkabidhi kwa upole wa abiria mwema. Anapopanda meli, mfanyakazi anamuuliza kama ana mwenzake. Mchimba kisima ameingia mwenyewe. James anaipata kasi ya hadithi ya upelelezi bila kupoteza baridi ya hadithi ya mzuka, na sishangai kwamba mwongozaji Jacques Tourneur aliichukua akaitengenezea filamu mwaka 1957. Nisingeiacha hadithi hii nje hata kwa ajili ya tukio moja tu, pale Dunning anapoingiza mkono chini ya mto wake gizani na kugusa kinywa chenye meno na manyoya. Ni sentensi chache, na James harudi kulielezea tena.

Kabla ya kuitaja ya tano, lazima niwe mwaminifu kuhusu zilizobaki nje. Kuiacha "Canon Alberic's Scrap-book", hadithi yake ya mwanzoni kabisa, kuliniuma. Ina ule mkono maarufu mezani ambao mhusika wake Dennistoun anaudhania kwanza kitambaa cha kufutia kalamu, kisha panya, kisha buibui mkubwa, kabla hajaelewa. Ukuaji huo wa utambuzi ni somo kamili kwa mwandishi yeyote. Lakini baada ya mkono James anamtoa kiumbe mzima, na wakati huo alikuwa hajajifunza bado kuufunga mlango mapema. "Lost Hearts" inaumiza moyo, ila ukatili wake uko wazi sana, na James mwenyewe hakuithamini mno. "The Ash-tree" ina buibui wasiosahaulika, na inategemea mno kule kuwaona. "The Treasure of Abbot Thomas" ina fumbo zuri la vioo vya kanisani na kitu kinachofanana na mfuko kisimani, ambacho kinamkumbatia mchimbaji shingoni. Fumbo ndilo linaloshika sehemu kubwa ya kurasa, na fumbo likishafumbuliwa halirudi.

Ya tano ni "A Warning to the Curious", ya mwaka 1925, na kama ningeruhusiwa kuichagua moja tu, ningeichagua hii. Mji ni Seaburgh, yaani Aldeburgh, kwenye pwani ya Suffolk ya utoto wake. Kuna masimulizi ya mataji matatu ya wafalme wa kale yaliyozikwa ili kuilinda nchi na wavamizi wa baharini. Moja liliyeyushwa, moja limemezwa na bahari, moja limebaki, na ukoo wa Ager umekuwa ukililinda kizazi hadi kizazi. Wa mwisho wao, kijana mgonjwa wa kifua, alifariki bila mrithi. Paxton, kijana mwingine, anapewa habari hizi kidogo kidogo na wenyeji, anapiga hesabu, anachimba, anapata. Tangu alipolitia jembe ardhini hajawa peke yake hata saa moja.

Hadithi hii inapita zote nne kwa sababu mbili. Kwanza, kosa linarekebishwa. Paxton anajuta, anatafuta msaada wa wageni wawili hotelini, na usiku wanalirudisha taji mahali pake kwa heshima. Katika hadithi nyingi za mizuka hapo ndipo amani hurudi. Kwa James mlinzi hasamehi, na kesho yake katika ukungu Paxton anamfuata mtu anayemdhania rafiki yake. Kwenye mchanga zinaonekana nyayo zake za viatu, na mbele yake nyayo za miguu mitupu zenye mifupa zaidi ya nyama. Kujua mapema kwamba toba haitamsaidia kunafanya kila ukurasa wa toba hiyo uwe mzito.

Pili, kuna huruma, jambo lililo adimu kwa James. Paxton ni kijana, mlinzi aliyekufa alikuwa kijana, na pwani inayolindwa ni ya nchi iliyotoka vitani. James alikuwa mkuu wa King's karibu katika miaka yote ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwaona wanafunzi wakiondoka na majina yao yakirudi. Hataji vita kwa kirefu. Lakini ameandika hadithi ambayo marehemu kijana anailinda nchi yake na marehemu mwingine kijana hana hata jamaa wa kumlilia, na sidhani kwamba aliyaunganisha mambo hayo kwa bahati. Miaka mitatu baada ya James kufariki, pale Sutton Hoo katika Suffolk hiyo hiyo, wachimbaji walifukua meli iliyozikwa na hazina ya kifalme ya Waanglo-Saksoni. Ardhi aliyoitungia hadithi kweli ilikuwa imeficha utajiri wa wafalme.

Nikizipanga tano hizi pamoja naona fundi anayejifunza kupunguza. Katika "The Mezzotint" anaficha kitendo chenyewe na kutuachia dirisha lililo wazi. Katika "Oh, Whistle" anampunguzia mzuka mwili. Katika "Count Magnus" anaondoa maiti, katika "Casting the Runes" anaondoa vurugu, na katika "A Warning to the Curious" anaondoa hata faraja ya kutubu. Kila alipopunguza kitu, aliandaa kwanza kitu kingine cha kubeba uzito wake: dirisha, kitanda cha pili, kufuli, kikoba cha tiketi, unyayo. Vitu hivi ni vya kila siku, vimepimwa na kutajwa kwa usahihi wa mtu aliyezoea kuorodhesha, na kwa sababu tumeviamini, tunakiamini na kile kinachokuja navyo.

Anayetaka kuanza kumsoma James aanze na "The Mezzotint", amalizie na "A Warning to the Curious". Azisome usiku mmoja mmoja, kila usiku hadithi moja, na ikiwezekana amsomee mtu mwingine kwa sauti, asiharakishe zile kurasa za mwanzo zenye bei, vipimo na majina ya mahali. Humo ndimo James anamoiandaa hofu yake, na anayeziruka atapata mshtuko wa mara moja tu, akose kile kinachotufanya sisi wengine tuzirudie.